Nilichomwambia Mama Minza

Skola mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako na najua hutarudi mapema, maana shangazi yako hamwachii mtu aondoke kwake bila kula. Begi lako lipo hapa mlangoni. Nimelifungua nikitafuta cha kukupangia, nikakuta umeshapanga vizuri kuliko ninavyopanga mimi, nikalifunga. Kwa hiyo sitakuandikia habari za chandarua, wala za watu wa kwenye treni, wala za kupiga simu ukifika. Hayo unayajua. Nakuandikia kwa sababu ya ile Jumapili uliyotusomea maswali mezani.

Ulikuwa na furaha ya kupata kazi. Ukawa unamsomea baba yako lile dodoso mtakalokwenda nalo mashuleni kuwauliza wasichana wanakula nini na wanaionaje miili yao. "Baba, sikia hili. Je, kuna siku unaacha kula kwa makusudi?" Baba yako akacheka, akasema hapa Mpanda mtu akiacha kula ujue hakuna chakula. Ukamwambia, "Siyo hivyo baba, kuna watu hawaipendi miili yao." Halafu ukatuonyesha kwenye simu ile michoro ya wanawake waliosimama mstari mmoja, kuanzia mwembamba mpaka mnene. Mimi nikanyanyuka nikatoka. Ulinikuta nyuma ya nyumba nimeshika ndoo tupu. Ukaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikakujibu ni moshi.

Haukuwa moshi. Michoro ile naijua. Niliwahi kutembea nayo kwenye mkoba, kijiji kwa kijiji, na kuna msichana aliyeweka kidole juu yake ambaye mpaka leo hajatoka kichwani mwangu.

Ulikuwa darasa la tatu. Unakumbuka kuna kipindi ulilala kwa bibi yako, ukalia kwamba mama amepotea? Nilikuwa kwenye kazi hiyo hiyo unayoiendea wewe. Walikuja watafiti wanatafuta wadadisi, na kwa kuwa mimi ni Mpimbwe niliyekua jirani na Wasukuma, nikakijua Kisukuma kwa kucheza na watoto wao, wakanichukua. Msimamizi wetu alikuwa dada mmoja mpole, tukimwita Dada Hilda. Alitufundisha jinsi ya kuuliza bila kukunja uso, na jinsi ya kusubiri. Na alitusisitizia jambo moja ambalo nililiandika nikalipigia mstari: "Mtu akikuambia jambo la hatari, usimwambie jirani, usimwambie ndugu yake. Niletee mimi, na yeye mwenyewe ajue kwamba unaniletea."

Nililipigia mstari, Skola. Ni hilo linaloniuma, kwamba sikuwa mtu asiyejua.

Kaya ya kina Minza ilikuwa mbele ya Sitalike, unaacha barabara unaingia ndani kwenye njia za ng'ombe. Watu waliohamia kutoka kaskazini na mifugo yao zamani kidogo, wana uwezo, nyumba ya bati na zizi kubwa. Minza alikuwa binti yao wa pili. Alikuwa ameachishwa shule ya sekondari, yupo tu nyumbani. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni mtoto, kumbe ni msichana mkubwa aliyekonda. Mifupa ya mabega ilikuwa imeinua gauni kama nguo iliyoanikwa kwenye miti. Baba yake aliniambia kabla sijauliza, "Huyo anaumwa. Tumempeleka zahanati, tumempeleka kwa mganga, wote hawaoni kitu."

Kwa kuwa hakuwa amefikisha umri, baba yake ndiye aliyetia dole gumba kwanza. Halafu ikaja zamu yake mwenyewe kukubali au kukataa. Nilimsomea kila kitu kama nilivyofundishwa, kwamba ana hiari, kwamba anaweza kuruka swali, kwamba hakuna atakayemlaumu. Baba yake alikuwa amekaa pembeni, fimbo ipo magotini. Minza akaitazama ile fimbo, akanitazama mimi, akasema, "Sawa."

Nikaandika amekubali. Mpaka leo sijui ile sawa ilikuwa ya nani.

Baba yake alipoondoka kwenda malishoni, tukahamisha vigoda tukakaa karibu na zizi la ndama. Pale alilegea. Alikuwa na akili sana, na mcheshi. Nilipomwuliza kama amekula mboga za majani juzi, akaniuliza, "Na wewe?" Sikukumbuka, akacheka. Nikatoa michoro. Nikamwambia aonyeshe mwanamke anayefanana naye, akaonyesha sawasawa, hakujidanganya. Nikamwambia aonyeshe yule ambaye angependa kuwa. Kidole chake kikapita mnene, kikapita wa kati, kikafika kwa yule mwembamba wa mwisho. Hakikusimama. Kikaenda mbele yake, nje ya mstari, pale kwenye karatasi tupu.

"Huyu," akasema. "Hamjamchora."

Sikujua niandike nini. Nikaruka, nikaenda swali linalofuata, na swali lenyewe lilikuwa lile ulilomsomea baba yako.

Minza akageuka kutazama nyumba, akauliza kwa sauti ya chini, "Haya majibu yanaenda wapi?"

"Yanaenda chuoni. Jina lako haliandikwi."

"Na wewe?"

"Mimi simwambii mtu."

Basi akaniambia. Kulikuwa na watu wa upande wa Tabora waliokuja kumposa, na ng'ombe walikuwa wameshakubaliwa. Mwanaume alikuwa mkubwa sana kwake, ana wake wengine. Alilia, hakusikilizwa. Alikimbilia kwa dada yake, akarudishwa. Ndipo akagundua kwamba kuna kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu anayeweza kukifanya kwa niaba yake, ambacho ni kumeza. Ugali wake alikuwa anauficha kwenye khanga na kuwapa mbwa. Wale watu walikuja tena kumwona, wakamkuta amekauka, wakaondoka wakinong'ona kwamba msichana ana ugonjwa. "Wakija mara moja tu nyingine wanikute hivi, wataniacha," akasema. "Nimekaribia."

Aliposema nimekaribia uso wake uling'aa, na nikaogopa. Midomo ilikuwa imepasuka. Wakati wa kunyanyuka alishika mti wa zizi, akasubiri kizunguzungu kipite, kisha akatabasamu kama mtu aliyejikwaa mbele za watu.

Nilitakiwa nimwambie pale pale: Minza, hili ni kubwa, naomba nimwambie msimamizi wangu, kuna muuguzi, kuna ofisi ya ustawi wa jamii, unakubali? Nilikuwa nayo maneno hayo mdomoni. Nikasema, "Asante kwa muda wako," kama ilivyoandikwa mwisho wa dodoso.

Mama yake ndiye aliyenisindikiza. Mwanamke mrefu, mkimya, alitembea nyuma yangu mpaka tulipopita shamba la mihogo ndipo akanishika mkono. Alikuwa analia, machozi yanashuka tu, hata hayafuti.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe umekaa naye muda mrefu kuliko daktari. Sikuulizi siri. Niambie kitu kimoja tu. Anakufa?"

Skola, mimi nilikuwa mama. Nilikuwa nimekuacha wewe kwa bibi yako unalia. Nilimwona pale anatetemeka, nikaona ni ukatili kumnyima mzazi neno la kumtuliza wakati neno ninalo. Sikufikiri kwamba neno lile si langu.

Nikamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Hafi, mayu. Wala haumwi. Anaacha kula makusudi, kwa kuwa hataki kuolewa."

Aliacha kulia. Si kwamba alikasirika, maana ningeona hasira labda ningejua nimefanya nini. Alipumua, pumzi ndefu, mabega yakashuka. Akanikumbatia. Akaniambia nisubiri, akarudi mbio nyumbani na kuniletea maziwa kwenye kibuyu. Nikayanywa nimesimama njiani, yote. Nilijiona nimetenda jema. Jioni Dada Hilda alipotuuliza kama kuna mtu amekutana na jambo la hatari, sikunyoosha mkono. Niliona nimeshalimaliza.

Tulirudi kule kwa awamu ya pili mvua zilipokwisha. Nilikuwa na hamu ya kumwona amenenepa kidogo. Mama yake alinipokea kwa furaha, akanitandikia mkeka.

"Minza yuko wapi?"

"Ameolewa."

Akanieleza bila kuficha, kwa sababu kwake hapakuwa na cha kuficha. Tangu siku ile walimwekea wanawake watatu, shangazi zake, wakakaa naye kila chakula kinapoiva. Mmoja anamshika mikono, mmoja kichwa, mmoja analisha uji. Alitapika, wakaanza upya. Baba yake akapeleka ujumbe kwa wale wakwe kwamba binti haumwi, ni ukaidi wa usichana tu, na wakwe wakasema basi tusichelewe. Walimchukua kabla hata hajarudisha mwili wake wote.

"Ulituokoa," mama yake akaniambia. "Tulikuwa tunatafuta mahali pa kuchimba kaburi."

Nikamwuliza kama Minza alisema chochote.

"Tangu walipoanza kumlisha hakusema na mtu. Siku ya kuondoka tu aliniuliza, nani alisema."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia ni wewe. Nikamwambia, yule dada wa maswali amekuonea huruma."

Mwanangu, nimetafuta namna ya kuieleza siku ile nimeshindwa. Kulikuwa na ndama anamlilia mama yake, na kuku wanapita, na yule mama ananikaribisha viazi. Mimi namwona Minza ndani ya gari la wakwe, anageuza geuza jina langu kichwani. Nilimwambia Dada Hilda usiku ule yote. Hakunifokea. Aliniuliza wakwe wanaishi kijiji gani. Sikujua. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akaenda mpaka wilayani, akapiga simu Tabora. Walimwahidi watafuatilia. Mimi nilimaliza wiki ile kwa sababu sikuwa na nauli ya kurudi mapema, kisha sikushika dodoso tena. Ndiyo maana unanijua mimi ni mama wa mchele sokoni.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wema huniambia kila ninapojaribu kuisimulia habari hii nusu nusu. Wanasema: lakini angekufa. Inawezekana. Niliuona ule mkono wake uking'ang'ania mti. Kama ningekaa kimya, pengine mama yake angezika. Naijua hoja hiyo, nimeishika sana. Nayo hainisaidii kulala. Kati ya kukaa kimya na kumsema kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilikuwa fupi tu, kurudi hatua chache kwenye zizi la ndama na kumwuliza yeye. Sikurudi. Sijui kama nilimuokoa au nilimuuza, na mtu pekee anayeweza kuniambia ni yeye.

Minza amekaa nasi nyumba hii miaka yote, kichwani mwangu, hukumjua tu. Ulipokuwa kidato cha pili ukaja likizo ukaanza kubakiza chakula, mimi sikuwa nakuona wewe, nilikuwa namwona yeye. Nilichungulia sahani yako. Nilinusa khanga yako, Mungu anisamehe. Mpaka siku moja jikoni ukaweka kijiko chini ukaniambia, "Mama, unaniangalia kama polisi." Nikaona aibu. Nikazima jiko, nikakaa kwenye ndoo, nikakuuliza kama unataka kuniambia kitu, na kama hutaki basi. Ukakaa. Ukapika chai. Chai ikaisha ndipo ukasema wasichana bwenini wanakuita tipa, na kwamba ukipita darasani wanatoa sauti ya gari zito. Ukasema, "Usimwambie baba." Baba yako aliniuliza mara nyingi kipindi kile, na tukagombana, akasema namficha mambo ya mtoto wake. Ni kweli nilimficha. Nilikuomba ruhusa ya kumwona matroni, ukanikatalia. Nikakuomba tena baada ya muda ukakubali, lakini ukataka uwepo nikiongea. Ukawepo. Unaweza usikumbuke. Kwangu ile ilikuwa siku niliyoweza kuvuta pumzi mpaka chini.

Kwa hiyo sikuambii usiende. Nataka uende, na maswali yale nataka yaulizwe, kwa sababu wewe ulikaa na jina la tipa miezi mingapi bila mtu kukuuliza. Lakini ukimwuliza msichana anakula nini na anajionaje, ujue umeshamvua kitu, na yeye amekaa mbele yako hana nguo hiyo mpaka utakapoondoka. Ukisikia msichana amesema "sawa", tazama macho yake yametoka wapi kabla ya kuisema. Nyie mna vishikwambi siku hizi, swali halikuachi upite mpaka ubonyeze kitu. Usibonyeze kwa ajili ya kishikwambi. Na akikuuliza majibu yanaenda wapi, usimjibu haraka kama nilivyojibu mimi. Kuna jambo amelishika anataka kujua pa kuliweka.

Limebaki moja, nalo sijamwambia hata baba yako.

Kuna mwaka nilikwenda Karema kwenye msiba, na asubuhi yake nilishuka ufukweni mwa ziwa kununua samaki, migebuka. Kulikuwa na wanawake wanaanua dagaa, na mmoja wao alikuwa anacheka kwa nguvu, mwanamke mpana, mtoto mgongoni. Nilimjua kwa kicheko. Alikuwa amefika vipi Karema, aliachika, alitoroka, alifuata mume, sijui. Mwili wake haukuniambia kitu. Nilisimama mpaka akaniona, na kicheko kikakatika.

"Minza," nikasema.

Akaendelea kuanua.

"Naomba tuongee kidogo. Ni kuhusu siku ile, nataka nikuambie..."

"Hapana," akasema. Hakupaza sauti. "Sitaki."

Nilikuwa na maneno yote, Skola. Miaka nimeyapanga. Nilifungua mdomo niyaseme hata hivyo, niyamwage tu pale mchangani, niombe msamaha nikimbie. Akainua macho akanitazama, na nikakiona ninachotaka kufanya, kwamba nataka kumwingiza kwa nguvu kitu ambacho amekataa kukimeza, ili mimi nishibe. Nikafunga mdomo. Nikaitikia kwa kichwa. Nikapanda kurudi msibani bila migebuka, na wale wanawake nyuma yangu wakamwuliza ni nani yule, na sikusikia alivyowajibu.

Usimtafute. Ukipita Karema kwa kazi usiulize. Hata hivyo hutampata, kwa kuwa Minza si jina lake, na kaya yao haikuwa upande ule wa Sitalike, na ufukwe ule sio wa Karema. Nimebadilisha kila kitu nilichoweza kubadilisha. Nilipokuwa nabadilisha nilijiambia namlinda. Sasa nimefika mwisho wa karatasi, nasikia sauti yako huko barabarani unaagana na watu, na naona nilichofanya. Kidole chake, ugali wake, kizunguzungu chake, hapana yake, vyote nimevitoa nikakupa wewe, kwa sababu wewe ni mwanangu na ninakuonea huruma.

Na yeye sikumwuliza.

Mama yako